Mwaka Nilioitwa Mama Neema

Aliniamkia shikamoo vizuri kuliko wajukuu zangu, ambao siku hizi wanaitoa kama mtu anayetema ganda la alizeti. Alikuwa amesimama mlangoni kwangu mwaka jana, saa nne asubuhi, mwanamke wa makamo, mweusi kama sisi, amevaa suruali na viatu vya kutembelea porini, mkononi ameshika bahasha ya kaki. Kiswahili chake kilikuwa cha darasani, kila neno limepigwa pasi. Alisema anamtafuta Elizabeti binti Ntandu. Nikamjibu ndiye mimi, karibu kiti. Hakukaa. Alinitazama usoni taratibu, paji la uso, macho, kidevu, na nilielewa kwamba alikuwa akijitafuta yeye mwenyewe katika sura yangu na hajipati. "Mimi ni Neema," akasema. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo kwa karibu miaka hamsini, na ilipofika nilitamani iahirishwe. Ndipo akakaa, akatoa karatasi kwenye bahasha, akainyoosha juu ya goti, akaniuliza swali alilokuwa amelifanyia mazoezi njia nzima: "Mama, kwa nini ulinitoa?" Nikamwambia ngoja kwanza nichemshe chai. Nilikwenda jikoni, nikasimama mbele ya mafiga na sufuria mkononi, na sikukumbuka hata kutia maji.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza darasa la saba, na nilikuwa yaya katika nyumba ya watoto ya misheni, upande wa Mungaa, Singida. Nasema nyumba, lakini kilikuwa chumba kimoja kirefu chenye vitanda kumi na viwili vya chuma, sakafu ya saruji niliyoipiga deki kila asubuhi kabla ya uji, na madirisha yaliyotazama yale mawe makubwa ya kwetu ambayo wageni huyapiga picha na sisi tunaanikia mtama. Chumba kilinuka maziwa yaliyoungua na nepi mbichi. Neema aliletwa pale na bibi yake akiwa na siku kumi na mbili. Mama yake, Monika, alifariki siku ya tatu baada ya kujifungua. Baba alikuwa amekwenda kwenye mashamba ya mkonge Tanga, na hakuna aliyejua kama yeye mwenyewe anajua kwamba ana mtoto. Bibi alitoka Ihanja kwa miguu, akamweka mtoto mapajani pangu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa karibu na mlango, akanywa maji vikombe viwili, akalia, akaondoka kabla jua halijawa kali. Tangu hapo mtoto alikuwa wangu kwa kazi, na baada ya mwezi hivi alikuwa wangu kwa moyo, na sikuona mpaka ulipo.

Kwetu, mwanamke akishaonekana na mtoto mgongoni kila siku, jina lake analiweka kando. Hawaulizi mtoto umemtoa wapi. Kisimani walianza kuniita Mama Neema kabla hajaota meno, wakanifuata nalo mpaka dukani na kanisani, na hata mzee aliyekuwa ameshuhudia kuzaliwa kwangu akaniita hivyo bila kucheka. Baba yangu hakupenda. Alisema msichana asiyeolewa akiitwa mama nani huko barabarani, posa itapita nyumba ya pili. Mimi nilipenda mno. Niliitika haraka kuliko nilivyoitika jina langu. Mama yangu alinionya siku moja tukipepeta uwele, akasema, "Eliza, kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Lakini kuna kazi ya tatu, nayo ni kumrudisha." Nikamwambia nimesikia. Sikuwa nimesikia.

Neema alipofika mwaka wa pili, mambo yakabana. Mvua ilikuwa imetukosa, na ndio ule wakati wa operesheni ya vijiji, watu wanahamishwa kutoka kwenye maboma yao wanapangwa kwenye mistari, wengine wameacha mtama shambani haujakomaa. Dukani palikuwa na chumvi na viberiti. Tulikula ugali wa mahindi ya njano ya msaada, yale watu waliyoyaita Yanga kwa rangi ya jezi ya timu ile, na watoto wetu kumi na wawili waliharisha kwa zamu. Neema alikonda mpaka bangili ya shanga niliyomvisha mkononi ikawa inapanda hadi kwenye kwapa. Siku moja nikisugua masufuria nilimsikia Sista Klara, mkuu wa nyumba yetu, akimwambia mpishi kwamba mwisho wa mwaka nyumba ya watoto itafungwa, kila mtoto atarudishwa kwa ndugu zake. Nikamfikiria bibi wa Ihanja, ambaye wakati huo naye alikuwa anahamishwa, hana paa. Nikamfikiria baba yangu na posa zake. Nilisugua sufuria ile mpaka mpishi akaninyang'anya.

Wageni walikuja mwezi wa saba, siku za baridi na vumbi. Walikuwa Waholanzi, mume na mke, wote walimu wa shule ya msingi kwao, ndoa ya miaka kumi bila mtoto. Walikuwa wameandikiana na Sista Klara karibu mwaka mzima, na sasa walikuja kumchukua Neema wakitumia likizo yao ya shule. Likizo kweli waliifanya. Wiki ya kwanza walikwenda Ziwa Singida kutazama ndege wekundu, wakapiga picha mawe yote, wakanunua asali na vibuyu, na Bwana Joop, ambaye miguu yake ilichomoza nje ya kitanda cha nyumba ya wageni kama mipini ya majembe, alijaribu kula mlenda kwa kijiko. Mlenda haukubali kijiko. Ulimfuata kutoka sahani hadi ndevuni, na mpishi alilazimika kutoka nje kucheka. Mkewe, Anneke, hakucheka wala hakupiga picha sana. Yeye alikaa kwenye sakafu ya chumba kirefu, amekunja miguu, akimtazama Neema, na Neema alijificha nyuma ya sketi yangu akamchungulia kwa jicho moja. Nilifurahi. Nataka kusema ukweli katika habari hii, kwa kuwa nimeuchelewesha vya kutosha: kila mtoto yule alipomkimbia mama yule, nilifurahi.

Siku nne Neema hakula kutoka mkono wa Anneke. Alifumba mdomo, akageuza shingo, uji ukamwagika kifuani. Siku ya tano Sista Klara aliniita ofisini kwake, akanipa kiti, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya. "Eliza," akasema, "maadamu anakuona, hatakula kwa mwingine. Kama unampenda, jifiche." Nikapelekwa kulala upande wa jikoni, nikakatazwa kupita mbele ya madirisha kwa wiki moja. Nilikaa nyuma ya ukuta wa jiko nikichambua mboga na kumsikia. Alilia siku ya kwanza kutwa. Siku ya pili alilia akaita jina aliloniita, kwa sababu aliniita mama, angeniita nini kingine? Siku ya tatu alilia kidogo. Siku ya nne saa ya uji nikatega sikio, kimya. Nikasikia kijiko kikigonga kikombe, na sauti ya Anneke ikisema "vizuri, vizuri," neno alilofundishwa na mpishi. Kimya kile kiliniuma kuliko kilio. Mpishi aliniona machozi, akaniambia bila ubaya, "Na hujazaa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi." Nikamwambia ni kitunguu. Mchicha ndio nilikuwa nachambua.

Wiki ilipoisha, Anneke mwenyewe ndiye aliyekuja jikoni kunitafuta. Alikuwa ameshika kitabu kidogo cha maneno, kidole kwenye mstari. "Tafadhali, nifundishe," akasema. Basi nikamfundisha. Nilimfundisha kumfunga mtoto mgongoni, kazi ambayo kwa mikono yake ilichukua siku tatu na kanga mbili, na mara mbili nilimdaka Neema akiteleza upande. Nilimfundisha kupooza uji kwa kuumimina kutoka kikombe hadi kikombe, kumsafisha macho kwa kona ya kitambaa chenye chumvi kidogo, kumwinamia badala ya kumwita kwa mbali. Lakini kuna jambo nililomnyima. Neema hakulala bila kushika ncha ya sikio la mtu. Nilijua hilo mimi peke yangu, na nilinyamaza. Nikawaza, akikosa usingizi watanirudishia. Baada ya siku kama tisa, Anneke alinijia asubuhi akicheka, macho mekundu, akajionyesha sikio lake lililokuwa limevimba kwa kuvutwa. Amegundua mwenyewe. Nikacheka naye, na ndani yangu kitu kikakaa chini kama mzee aliyechoka. Tangu siku ile nilijua yule mama anaweza.

Zikabaki karatasi. Bibi wa Ihanja alikuwa amekubali tangu mwanzo. Katekista alimwendea, akamweleza kwa Kinyaturu, na bibi akajibu, "Mpelekeni kwenye chakula. Akishiba atanikumbuka." Kilichotakiwa ilikuwa barua ya balozi wa nyumba kumi inayoeleza mtoto ni nani, yuko kwa nani, ili ipigwe muhuri kijijini na kupelekwa mahakamani mjini. Sista Klara alikuwa ametangulia Dar es Salaam kushughulikia pasi ya kusafiria, kwa hiyo nilitumwa mimi kwa balozi, Mzee Njiku. Nilimkuta sebuleni kwake, chumba chenye meza moja, redio iliyofunikwa kitambaa cha kufumwa, na jogoo aliyefungwa kwenye mguu wa meza. Nikamwamkia. Aliandika kwa nusu saa, ulimi nje, kwenye karatasi aliyochana daftarini, na mkewe akiniletea maboga ya kuchemsha na kuniita Mama Neema kula, Mama Neema ongeza, umekonda Mama Neema. Alipomaliza, mzee alisimama na kuisoma kwa sauti ya mkutano: kwamba mtoto Neema anatambulika hapa, analelewa vizuri, yuko kwa mama yake mzazi, Elizabeti binti Ntandu, ambaye ni mzima wa afya na mwenye tabia njema.

Hakuwa na nia mbaya, wala hakuwa mjinga. Alikuwa ameingia ubalozi mwaka ule ule, akatukuta hivyo, mtoto mgongoni kwangu na jina mdomoni mwa kila mtu. Angemuuliza nani, na angeuliza nini? Mtu hamwulizi Mama Neema kama ana Neema. Akanitazama juu ya miwani. "Iko sawa, binti?" Boga lilikuwa mdomoni. Ningeweza kulimeza na kusema, mzee, hapo si mimi, mama yake mzazi ni marehemu. Angechana karatasi nyingine, angelaumu macho yake, tungecheka. Nikalitafuna boga lile muda mrefu. "Iko sawa, mzee," nikasema. Njiani kurudi niliifungua barua mara tatu kuusoma mstari ule mmoja. Sikuwa na mpango wowote. Nilipenda tu ulivyokaa.

Mpango ulikuja wenyewe wiki iliyofuata, na ulikuwa na njia mbili. Siku ya kwenda mahakamani tulikaa kwenye benchi la nje, Anneke, Bwana Joop, mimi na Neema. Karani, kijana mwenye kaunda suti iliyofifia mabegani, alitoka akapitia karatasi zetu, akaniambia kwa Kiswahili, wale wageni wasielewe, "Nyie mna bahati, kila kitu kipo. Jana nimerudisha watu. Barua yao ilikuwa na kosa la jina, wameambiwa waanze upya tangu kwa balozi. Hiyo miezi minne, mitano." Nikawatazama Waholanzi. Shule yao ilikuwa inafunguliwa baada ya siku kumi na moja, Anneke alinihesabia kwa vidole. Nikaelewa kwamba nimeshika kitu mkononi. Nikisema kweli mbele ya hakimu, kwamba mimi si mama mzazi, barua inarudi, likizo inaisha, wanapanda ndege peke yao, Neema anabaki. Nikisema mimi ndiye mama na sikubali, anabaki pia. Ukweli ungeniachia mtoto, na uongo wa namna fulani ungeniachia mtoto. Kulikuwa na neno moja tu la kumwondoa, na lilikuwa langu kulisema au kutolisema.

Hakimu alituita ndani mimi na mtoto peke yetu, kwa sababu alitaka kumsikia mama bila wageni kumwangalia. Chumba kilikuwa kidogo, na dirisha lilikuwa wazi kwa uani ambako mtu alikuwa akipasua kuni. Neema nilikuwa nimempakata. Alikuwa mwepesi, nakumbuka, nilimpakata bila paja kujua. Hakimu alikuwa mtu wa makamo, mpole, aliyeuliza kama mjomba.

"Ndugu Elizabeti, mtoto huyu ni wako?"

"Ni wangu."

"Ulimzaa wewe mwenyewe?"

Uani ukuni ulipasuka. Neema aliinua uso akatafuta sauti ilikotoka, kisha akarudisha kichwa kifuani pangu.

"Nilimzaa mimi," nikasema.

"Baba yake?"

"Hayupo, mheshimiwa."

"Unaelewa kwamba ukiweka sahihi hapa, kisheria huyu si mtoto wako tena? Hutamdai, hutamrudisha."

"Naelewa."

"Kuna mtu amekulazimisha?"

"Hapana."

Nilikuwa na mwandiko mzuri. Niliandika jina langu lote, polepole, pale palipoandikwa mama wa mtoto. Kwa muda wa kukauka kwa wino nilikuwa mama mbele ya serikali, kisha serikali ile ile ikanivua. Nimejiuliza maisha yangu yote kwa nini nilifanya vile, na majibu yangu ni mawili. La kwanza ninaweza kumwambia padri: nilitaka apone, nilitaka ale, mikono ya Anneke nilikuwa nimeifundisha mimi na niliiamini. La pili ndilo linalonitia aibu. Ningeweza kutaka hayo yote na bado nikasema kweli, nikawaomba waniandikie upya, warudi likizo nyingine, Mungu angejua njia. Lakini nilitaka iwepo mahali fulani duniani karatasi moja inayosema nilimzaa. Sikuwa na picha yake hata moja. Nilitaka angalau hiyo.

Waliondoka siku tatu baadaye kwa gari la misheni, na karatasi za Kiswahili wasizoweza kuzisoma. Neema alikuwa mgongoni mwa Anneke, amefungwa vizuri, ile kanga nilivuta fundo mwenyewe. Hakulia. Alinipungia mkono kama alivyowapungia kuku na mpishi. Nilirudi ndani nikapiga deki chumba kizima ingawa nilikuwa nimeshapiga asubuhi. Jioni ile kisimani walinisalimu Mama Neema, mmoja baada ya mwingine, na hawakuacha mpaka nilipoolewa na kuzaa mwingine. Niliitika. Ungefanyaje?

Ilinichukua mwezi mzima kupata ujasiri wa kwenda Ihanja. Bibi alikuwa kwenye kijiji kipya kando ya barabara, kwenye kiwanja chenye nguzo na nusu ya paa, jiko likiwa mawe matatu yasiyo na kivuli. Akanisongea ugali wa uwele na mlenda, chakula ambacho sijui alikitoa wapi mwaka ule, akaketi mbele yangu kunitazama nikila kwa sababu nilikuwa nimekula na mjukuu wake. Nilimweleza habari za ndege ya kwenda Ulaya, nguo walizomvisha, koti lenye manyoya. Kisha, kwa kuwa sikuweza kuendelea kumeza, nikamweleza na ya mahakamani. Tulizungumza Kinyaturu. Bibi hakupandisha sauti. Alipanga vijiti vya kuni sawasawa, akavipanga tena, akaniuliza, "Na Monika wangu ulimwandika wapi?"

"Sikumwandika, bibi."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelezwa njia. "Maliza chakula," akasema. Hakunilaani, hakunifukuza. Alinisindikiza hadi barabarani, na hakuniita Mama Neema wakati wa kuagana, aliniita Eliza. Alifariki kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikwenda hadi Ulaya, ikakaa huko, ikapata vyeti.

Basi siku ile ya mwaka jana nilirudi sebuleni na chai isiyo na majani, maji ya moto na sukari, ndivyo nilivyochanganyikiwa. Neema alikipokea kikombe kwa mikono miwili. Karatasi ilikuwa bado gotini kwake, na nikauona mwandiko wangu, kichwa chini miguu juu kutoka upande wangu, mzuri, wa msichana. Kabla sijafungua mdomo akaanza yeye. Alisema wazazi wake wa kule walimwambia tangu utotoni kwamba mama yake alifariki wakati wa uzazi. Alipofika miaka kumi na minane aliomba faili lake, akapeleka karatasi kwa mtu wa kutafsiri, akasoma kwamba mama yake yuko hai, mzima wa afya, na ametia sahihi kwa hiari. Akawaona Anneke na Joop waongo. Alihama nyumbani. Miaka miwili hakusema nao, na hata walipopatana baadaye, kitu hakikurudi mahali pake. Anneke aliapa mpaka mwisho kwamba hakumdanganya. Alifariki mwaka juzi. "Nilimwambia, usiniapie," Neema akasema. "Hospitali. Nilimwambia hivyo."

Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka mingi kujibu kwa nini nilimtoa. Nilikuwa na maneno ya njaa, ya operesheni, ya baba yangu. Yote hayakuwa na kazi tena. Nikasema, "Mwanangu, Anneke alisema kweli. Mama yako aliitwa Monika. Alikufa ukiwa na siku tatu. Hakukutoa kwa mtu. Hapo mwenye sahihi ni mimi, na mimi nilikuwa yaya wako." Nililazimika kurudia, kwa sababu neno yaya hakulijua. Nikamweleza: mtu anayelipwa kulea mtoto wa mwingine. Sijawahi kusema maneno yenye uzito kama yale, na yalikuwa maneno ya kawaida kabisa.

Akaigeuza karatasi juu ya goti. Kisha akauliza, "Kama ungesema kweli siku ile, ningebaki?"

"Ungebaki."

"Ulitaka nibaki?"

"Nilitaka. Mpaka leo nataka."

Hakunishika mkono, hakunitukana. Aliifunga bahasha, akaomba apelekwe kwa Monika. Tulikwenda Ihanja siku hiyo hiyo kwa gari alilokodi. Mpwa wa Monika, mtu mzima mwenye mvi sasa, ndiye aliyetuonyesha, kwa kuwa boma la zamani liliachwa wakati wa operesheni na siku hizi ni shamba la alizeti tu. Kaburi ni rundo la mawe katikati ya mistari, wanalima wakilizunguka. Neema aliniomba nimshikie mkoba, akaingia shambani na yule binamu yake. Mimi nilibaki njiani. Mtu akienda kwa mama yake kwa mara ya kwanza, huendi naye kama hukualikwa.

Nilimwona akipiga magoti. Binamu yake akasogea kando. Akaanza kusema, kwa lugha ya kule alikokulia, si Kiswahili kile cha pasi, bali maneno ya haraka, yanayoanguka, yanayopandiana, na katikati nikasikia jina la Monika, na jina la Anneke, na Monika tena. Jina langu sikulisikia. Alisema kwa muda mrefu, kama watoto wanaporudi kutoka shule ya bweni na wana mengi. Mimi nilikuwa nimesimama na mkoba wake mkononi, mwanamke wa miaka karibu sabini, mwenye watoto wanne na wajukuu, nikimwonea wivu marehemu.